Kijiko cha Mwenye Nyumba

Siku ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, Atupele aliingia chumba cha mtihani akiwa tayari na hasira, na swali la saba likamwongezea. Swali hilo alilitunga mwenyewe, tena akiwa na akili zake timamu: jadili jinsi mwanamke alivyochorwa katika nyimbo za jamii yako. Akawa anapita kati ya madawati, malori ya mpakani yakiunguruma nje ya uzio wa shule pale Mpemba, kando ya Tunduma, na kila alipochungulia karatasi aliona majibu yaleyale. Mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe. Mwanamke amechorwa kama mlezi. Mwanamke amechorwa kama msaliti wa ndoa. Kwa mfano wa msaliti, zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wamenukuu wimbo aliowafundisha yeye mwenyewe, unaoimbwa na wanawake wa Mbozi wakipukuchua mahindi:

Mama Ombeni, wanao wako wapi?
Iulizeni njia ya mtoni.
Mama Ombeni, ni nani kawamaliza?
Ni maziwa yangu, ulimi wangu umekiri.

"Huu ni wimbo wa kuonya," alikuwa amewaeleza darasani, chaki mkononi. Unamwonya mama anayenyonyesha asitoke nje ya ndoa, kwa kuwa watu wanaamini akitoka anambemenda mtoto. Maziwa yanachafuka, mtoto ananyong'onyea, anakonda, anakufa. Aliandika neno ujumbe ubaoni, akalipigia mstari, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Hakuna aliyeuliza kama Mama Ombeni alikuwa mtu wa kweli. Hata mwalimu hakujiuliza.

Sasa aliyenyong'onyea alikuwa mtoto wake mwenyewe, na ukweni walikuwa wameshatoa jibu bila hata kusubiri swali.

Lusungu alikuwa na miezi minane. Hadi miezi sita alikuwa mtoto wa kugombewa kubebwa, mapaja yenye mikunjo, kicheko cha bure kwa kila mpita njia. Aliishi kwa ziwa la mama yake tu. Alipoanzishiwa uji wa lishe wenye sukari, na ndizi mbivu za kuponda, mambo yakageuka. Akila anatapika, anatokwa jasho la baridi, analegea. Macho yakaanza kuwa ya manjano, tumbo likajaa. Akigoma kula na kurudi kwenye ziwa, anapata nafuu siku mbili tatu, kisha watu wanamwonea huruma wanamlazimisha uji tena. Nafuu ile hakuna aliyeiona. Waliona maziwa tu, maana maziwa ni ya mwanamke, na lawama haihitaji kuelekezwa njia ya kufika huko.

Aliyeona ni daktari wa watoto kule Mbeya, mwanamke mfupi mkali aitwaye Gwantwa. Alimlaza Lusungu akaagiza apewe ziwa tu. Mtoto akaanza kuchangamka. Kisha wifi yake Atupele akaja kumjulia hali mgonjwa, akamnywesha mtoto juisi ya embe Atupele akiwa amekwenda msalani, na kabla saa haijaisha Lusungu alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Daktari Gwantwa akamtoboa kidole, akapima, akakunja uso.

"Amekunywa kitu cha sukari, na sukari ya damu imeanguka," alisema. "Hii siyo kawaida. Kaa hapo, mama, nikueleze."

Akamweleza bila haraka. Chakula, alisema, hakijigawi chenyewe mwilini. Kuna vimeng'enya, vingine tumboni, vingine kwenye ini, na kila kimoja kina kazi yake ambayo kingine hakiwezi kukisaidia. Lusungu anaonekana amezaliwa akiwa na upungufu wa kimoja cha kwenye ini, kile cha kushughulikia sukari ya matunda, ya asali na hii ya dukani. Sukari hiyo ikifika pale inakwama na kugeuka sumu. Ni ugonjwa wa umetaboli, yaani wa jinsi mwili unavyotumia chakula, wa kuzaliwa nao, na kinga yake ni kutogusa kabisa vitu hivyo, maisha yote.

"Kwa hiyo maziwa yangu..." Atupele alianza.

"Maziwa yako ndiyo yaliyomweka hai. Nani kakwambia vingine?"

Atupele hakumtaja mtu. Alilia pale kwenye kiti, na hakikuwa kilio cha huzuni. Alikuwa akiwalilia kwa hasira watu wote waliokuwa wakiyatazama matiti yake kwa miezi miwili kama vile wanatazama kisima alichozama mtu.

Daktari alimwambia damu imepelekwa mbali kupimwa zaidi, majibu yatachelewa, lakini asisubiri majibu kuanza kumlinda mtoto. Akaongeza jambo moja. Mtoto hupata ugonjwa huu pale tu anapourithi pande zote mbili, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Na mara nyingine ukooni yupo mtu mzima aliyeponea utotoni bila kujua, kwa sababu vitu vitamu vilimchefua akavikataa. Mtu huyo huwa na meno mazima hadi uzeeni. "Watu humsifu kwa nidhamu," alisema Gwantwa. "Unamfahamu mtu wa namna hiyo?"

Atupele alimfahamu. Kwao Itumba, huko Ileje, hakumkumbuka yeyote, lakini ukweni alikuwepo, tena anakaa kwenye kiti kikubwa. Mzee Zebedayo, baba yake mumewe Ezron, alikuwa amepita miaka sabini na meno yote mdomoni, meupe, na alipenda kucheka ili yaonekane. Chai yake haikuguswa na sukari. Soda hanywi, ndizi mbivu hali, muwa haramu. Sukari, alizoea kusema, ni ya wanawake na watoto. Kijiji kizima kilimheshimu kwa hilo, na vijana wakihubiriwa juu ya kujizuia walitolewa mfano wake.

Aliporudi Tunduma, Atupele alimweleza mumewe kila kitu, na hapo ndipo alipokosea. Ezron alisikiliza akichezea simu, akitikisa kichwa kwenye habari za vimeng'enya, mpaka alipotajwa baba yake. Simu ikawekwa chini.

"Unasema baba yangu ni mgonjwa?"

"Nasema huenda ana upungufu uleule. Wewe umebeba nusu kutoka kwake, mimi nimebeba nusu ya kwetu. Wala siyo kosa la mtu, Baba Lusungu."

"Unamuua mtoto kwa mambo yako na Mbonile, sasa unamsingizia mzee wangu."

Mbonile alikuwa mwalimu mwenzake wa biolojia, mwenye pikipiki, aliyempa lifti mara kwa mara kuja kazini. Ndiye waliyekwisha kumchagua. Atupele alijibu kwa maneno ambayo hayaandikiki, na siku tatu zilizofuata hawakusemeshana.

Hiyo ndiyo hasira aliyoingia nayo kwenye mtihani. Alipotoka, karatasi kwapani, simu aliyoiacha ofisini ilikuwa ikiita. Ni Fausta, dada wa kazi, analia. Baba Lusungu alirudi nyumbani asubuhi, mara tu Atupele alipoondoka, akamchukua mtoto. Alisema anakwenda Mbozi kwa babu yake akapewe dawa.

"Dawa gani?"

"Alisema ya kubemendwa, Mama. Alisema wewe utafuata mwenyewe, unasubiriwa kwenye kikao."

Karatasi zile za mtihani aliziweka mezani kwa mkuu wa shule bila salamu. Alipanda gari ya Vwawa, akashuka, akachukua bodaboda kupanda vilima vya kahawa, na njia nzima alikuwa akihesabu kitu kimoja tu: mtoto hajanyonya tangu alfajiri. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, blauzi imelowa mbele, naye hakujisumbua kuifunika.

Dawa ile aliijua. Kwa ukoo wa Zebedayo, mtoto akibemendwa hupewa unga wa mizizi uliokorogwa kwenye asali, bakuli zima, kijiko baada ya kijiko hadi liishe. Lakini haitolewi hivihivi. Kwanza mama akiri mbele ya kikao na kumtaja mwanaume, la sivyo, walisema, dawa haishiki. Kisha mwenye nyumba aonje kijiko cha kwanza, kuonyesha kwamba nyumba yake haimlishi mtoto sumu. Basi ikawa hivi: siku ile uhai wa Lusungu ulishikiliwa na ukimya wa mama yake. Akikiri tu, asali inaingia mdomoni mwa mtoto.

Alikuta sebule imejaa. Wazee wa ukoo walikuwa kwenye makochi, baba mdogo Andongwisye katikati na fimbo yake, Ezron pembeni akitazama viatu vyake. Mzee Zebedayo alikuwa kwenye kiti chake. Wanawake walikuwa uani, mlango wa nyuma wazi, wakipukuchua mahindi, mikono inafanya kazi na masikio yapo ndani. Mama mkwe alikaa mkekani, Lusungu mapajani, na mbele yake bakuli la asali limefunikwa kawa. Mtoto alikuwa analia kilio kidogo kilichokauka, cha mtoto aliyekwisha kuchoka kulia.

Atupele alipiga magoti kama mkwe anavyotakiwa, akasalimia, akaitikiwa. Kisha akamnyooshea mtoto mikono.

"Subiri," alisema Andongwisye. "Ziwa hilo hatuliamini. Sema kwanza."

"Mtoto ana njaa, Baba Mdogo. Akikaa na njaa sukari yake inashuka, anaweza kuzimia."

"Mwalimu, hapa siyo darasani. Tumekuita useme jina. Tunalijua, lakini dawa inataka ulitamke wewe. Ukilitamka, mtoto atapona, na mumeo amesema atakusamehe."

Ezron akaitikia kwa kichwa, mwenye huruma nyingi. Atupele alimtazama, akahisi ndani yake kitu kinakatika, na hakikuwahi kuungwa tena baadaye. Akaelewa kwamba hapa hapatafutwi ukweli wowote. Hadithi yake ilikuwa imeshatungwa, mhusika ameshachorwa, msaliti wa ndoa kama kwenye karatasi za wanafunzi wake, na kilichobaki ni yeye kuingia jukwaani na kusema sentensi moja aliyoandikiwa.

Akasimama. Hakuna mkwe aliyewahi kusimama kwenye sebule ile wazee wakiwa wamekaa.

"Sina jina la kusema," alisema. "Mtoto wangu hajabemendwa. Anaumwa. Anaumizwa na sukari na matunda, na hiyo asali mliyomwandalia ndiyo itakayommaliza. Nimetoka kwa daktari, na Ezron anajua, nimemwambia."

"Hayo ya vitabuni," mzee mmoja alinong'ona, kwa sauti ya kusikika. "Haki za wanawake."

Andongwisye akagonga fimbo sakafuni. "Hataki. Basi mtoto ataanza dawa hivyohivyo, isiposhika lawama ni ya mama yake, naye arudi kwao Ileje akatafakari. Shemeji, funua bakuli."

Mama mkwe akafunua. Harufu ya asali ikajaa sebuleni. Andongwisye akainama, akachukua kijiko ili aonje, kama alivyoonja siku zote kwenye nyumba ya kaka yake, na wala hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

"Si wewe, Baba Mdogo," Atupele alisema. "Mila inasema mwenye nyumba. Nyumba hii ni ya nani?"

Kijiko kikabaki hewani.

"Mimi naonja kwa niaba yake."

"Kwa nini kwa niaba? Mwenyewe yupo, mzima, meno yote anayo. Mnanidai mila mpaka kwenye kunyonyesha, basi tuifuate yote. Baba aonje kijiko kimoja. Akionja na akabaki salama, nitapiga magoti hapa na kumtaja mtu yeyote mtakayemtaka."

Ezron alinyanyuka. "Mama Lusungu, usimguse baba."

"Nimemgusa wapi? Nimemkaribisha asali."

Mzee Zebedayo alicheka, meno yakaonekana, ila kicheko chenyewe hakikufika mbali. "Mkwe, unajua mimi sili vitu vitamu. Kila mtu anajua. Nimejinyima tangu ujana."

"Umejinyima, Baba, au vinakuumiza?"

"Nimesema nimejinyima."

"Basi leo usijinyime. Ni mjukuu wako."

Hata uani mikono ilikuwa imesimama. Wazee walimtazama Zebedayo, kwanza kwa kumwonea huruma kwa dharau anayofanyiwa, halafu, kadiri alivyochelewa kujibu, kwa namna nyingine. Kijiko kimoja cha asali. Mtoto wa shule angekilamba akaomba kingine. Jasho lilianza kumtoka mzee kwenye paji la uso kabla hata hajasogezewa bakuli.

Ndipo mama mkwe alipoongea. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, aliyemchukia Atupele tangu mtoto alipoanza kuumwa, na kumchukia hasa, bila kujificha. Sasa alikuwa akimtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

"Mwaka ule uliponioa," alisema taratibu, "mama yangu alikupa chai ya sukari. Ulikunywa kwa heshima. Ukaanguka pale mlangoni, ukatapika, ukatetemeka. Mama yako alikuja mbio. Akaniambia, mwanangu asipewe kitamu, tangu mdogo kinamwangusha, lakini usimwambie mtu, watu watamcheka."

"Nyamaza, Mama Ezron."

"Nimenyamaza miaka yote." Akamgeukia Atupele. "Huyo daktari alisema inarithiwa?"

"Ndiyo, Mama. Pande zote mbili. Baba akiwa nao na mama akiwa amebeba nusu, baadhi ya watoto wanaupata. Wananyonya vizuri, wananenepa. Wanaanza kuumwa wakianza kula."

Mama mkwe alimtazama Lusungu mapajani mwake. Alipozungumza tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Ombeni alikuwa mnene. Watu walikuwa wanamwita mzigo. Nilimwanzishia uji na ndizi."

Atupele alisikia jina, akausikia na wimbo. Alimjua mwanamke huyu kwa jina la Mama Ezron tu. Ezron ndiye mtoto wa kwanza aliyetajwa nyumbani humo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kulikuwa na wengine kabla yake. Ukifiwa na mtoto unanyang'anywa na jina, unasubiri mwingine akupe jina jipya. La zamani wanalichukua watu wakaliweke kwenye wimbo. Naye, mwalimu wa fasihi, aliuchukua wimbo huo akaupigia mstari ubaoni, na asubuhi ileile watoto wa watu walikuwa wakitafuta alama kwa kumtukana huyu mama.

"Ombeni akafa," mama mkwe aliendelea. "Kisha Nesta naye akaanza vilevile. Mkaniweka hapa, mkekani. Wewe, Andongwisye, ulikuwa kijana, ulikuwa mlangoni. Mkaniambia taja mtu, mtoto atapona. Sikuwa na mtu. Mtoto analia, mimi sina mtu wa kumtaja. Nikamtaja Nsajigwa, fundi cherehani, kwa sababu jana yake alinisalimia njiani. Sikuwahi hata kumpa mkono. Mkachoma cherehani yake, akakimbilia Zambia, hakurudi. Na mimi nikapewa bakuli hili. Nilimlisha Nesta kwa mkono wangu. Alikuwa anafumba mdomo, mimi namfumbua."

Kisha akauliza, siyo kwa kikao bali kwa Atupele peke yake: "Alikuwa anafumba mdomo kwa sababu alikuwa anajua?"

Atupele angeweza kumdanganya. Kwa sekunde moja alitamani, kisha akaona kwamba mwanamke huyu alishadanganywa vya kutosha. "Mwili wake ulikuwa unajua, Mama."

"Kwa hiyo ni mkono wangu."

"Mkono ni wako. Kosa siyo lako. Walikushika mkono wote waliokaa kwenye makochi haya."

Andongwisye alikohoa, akaanza kusema kwamba mambo ya zamani yana muda wake, kwamba kikao kilikuwa na ajenda nyingine. Mama mkwe hakumsikiliza. Alinyanyuka na mtoto, akavuka sebule, akampa Atupele. Atupele alikaa palepale sakafuni mbele ya wazee, akafungua blauzi, na Lusungu akalidaka ziwa kwa pupa, akanyonya huku akihema kwa pua. Baadhi ya wazee waligeuza nyuso pembeni. Aliwaacha wageuze.

Mama mkwe akarudi, akachukua bakuli na kijiko, akaenda kumwekea mumewe mapajani.

"Kula," alisema.

"Mke wangu."

"Nesta alikula. Kula."

Mzee Zebedayo alitazama asali. Aliinua kijiko hadi karibu na mdomo. Akakirudisha. "Itaniua," alisema, na kwa kuwa alikuwa ameshalisema hilo, mengine yakafuata yenyewe. "Najua ingeniua. Tangu mtoto najua. Sikujua kuhusu wao. Naapa sikuwahi kufikiri kuhusu wao."

"Hukufikiri," alisema mama mkwe. "Ulikuwa na kazi ya kusifiwa."

Ezron alikuwa ameshika kichwa. "Mama, basi," alisema, "tumeelewa. Tuishie hapa, tusimdhalilishe mzee." Wazee wawili wakaanza kutafuta kofia zao. Kwao jambo lilikuwa limekwisha: mtoto ananyonya, dawa haitolewi, mkwe ameshinda, watu wakale ugali. Atupele aliwaona wanavyosogea kuelekea mlangoni na hasira ikampanda upya, maana alikuwa amewaona wanaume hawa wakiwa hodari wa kukaa saa nne kwa ajili ya kosa la mwanamke, na sasa la kwao halikutimiza hata robo saa.

Hakuhitaji kusema kitu. Mama mkwe alikuwa ameshaburuta mkeka hadi mlango wa mbele, akaketi katikati yake, miguu ameinyoosha. Kwa desturi ya huko mwanaume hawezi kumruka mwanamke aliyenyoosha miguu. Wazee wakarudi kukaa.

"Siku ile baada ya kumtaja Nsajigwa," alisema, "Baba Ezron alisimama uani akatangaza. Watu walikuwa wamejaa kwenye mizani ya kahawa kule barabarani, wakaacha kupima wakasikiliza. Alisema mke wangu amenikosea, amewaua wanangu. Kwa hilo wimbo ukatungwa. Mabinti zangu wameupukuchulia mahindi, hawajui ni mimi. Leo nataka asimame mahali palepale."

"Uani wamekaa watu," alisema Mzee Zebedayo kwa sauti ndogo.

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka uani."

Ilichukua muda. Andongwisye alijaribu, Ezron alijaribu, mzee mwenyewe alikaa akitazama bakuli kama vile jibu limo humo. Hakuna aliyemlazimisha zaidi. Ila mama mkwe naye hakukunja miguu. Mwishowe aliweka bakuli chini, akajiinua kwa mikono ya kiti, akatembea hadi mlango wa nyuma. Wanawake waliokuwa na magunzi mapajani waliinua macho. Miongoni mwao walikuwa mabinti zake wawili, mmoja wao yule wifi wa juisi ya embe.

"Mke wangu hakunikosea," alisema Mzee Zebedayo, akiutazama ukuta wa jiko.

"Mke wako ana jina," sauti ikatoka nyuma yake, kwenye mkeka.

Atupele, mtoto kifuani, aliinua kichwa. Katika miaka minne ya ndoa hakuwahi kulisikia.

Mzee alikohoa. "Ferista hakunikosea. Nsajigwa hakufanya kitu. Watoto waliumwa ugonjwa wa... waliumwa ugonjwa wangu."

Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayesali peke yake. Binti yake mkubwa alisogea ili asikie vizuri, gunzi mkononi.

"Ongeza sauti, Zebedayo," alisema Ferista. "Siku ile walikusikia mpaka kwenye mizani."